Nyumbani watu watatu hawataki tunda jipya: haya ndiyo yaliyotusogeza

Mama Kokwa (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu, lakini jambo hili limenikaa moyoni na najua wengi mnalo majumbani.

Mezani kwetu tupo wanne. Mimi nakula tunda lolote lililoiva. Mume wangu ana matunda matatu aliyoyazoea tangu utotoni, ndizi, chungwa na tofaa, na la nne hataki hata kulisogelea. Mwanetu ana miaka mitano. Alipokuwa mdogo alilamba kila kilichowekwa mbele yake, alipokaribia miaka miwili akafunga mdomo ghafla. Mama mkwe tunaishi naye, na kila tunda geni analisukuma pembeni: "Kula wewe mwanangu, mimi nimeshiba."

Miaka miwili nilipambana nao vibaya. Nilibembeleza, nilikasirika, nilihubiri vitamini mpaka sauti ikakauka, na kuna siku nilimshikia mtoto kijiko mdomoni huku analia. Kile kilio bado kinaniuma. Hakuna hata tunda moja lililozoeleka kwa njia hiyo. Mambo yalianza kusogea nilipoacha kulazimisha nikawa nauliza tu, kwa utulivu, mmoja mmoja: hasa unachokataa ni nini? Majibu hayakufanana hata kidogo. Mtoto aliogopa asichokijua. Mume hawezi kitu kinachoteleza. Mama mkwe alikuwa na sababu aliyoificha kwa aibu. Wote tulikuwa tunawaita wachaguzi, kumbe kila mmoja ana lake.

Nianze na mtoto. Hofu ya chakula kigeni ni jambo la kawaida la ukuaji, huwa kali zaidi kati ya miaka 2 na 6, na wengi hupungukiwa nayo wanapokua. Kwa hiyo mtoto aliyekula kila kitu akiwa na mwaka mmoja kisha akagoma hajaharibika, wala hujamlea vibaya. Mtafiti Mmarekani Leann Birch alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1982, yeye na mwenzake Diane Marlin walionyesha kwamba watoto wa miaka miwili walivyozidi kuonjeshwa chakula fulani ndivyo walivyozidi kukichagua baadaye. Tafiti za aina hiyo ndizo zilizoleta ule ushauri wa kumwonjesha mtoto mara 8 hadi 15 kabla ya kusema hapendi. Jiulize wewe huwa unafika mara ya ngapi. Mimi nilikuwa naacha ya tatu.

Kuna jambo jingine ambalo lilinibadilisha kabisa. Mwaka 1987 kundi hilohilo lililinganisha watoto walioangalia tu vyakula vigeni na walioonja. Kuangalia kulisaidia wapende sura ya chakula, ila ladha haikupendwa mpaka iguse ulimi. Kwa hiyo kuweka tunda mezani ni hatua nzuri, lakini haitoshi. Lazima kidogo kipite mdomoni. Sasa utampitishaje bila vita?

Sisi tulipunguza ukubwa na tukaruhusu kutema. Kipande ni kama punje ya hindi. Pembeni kuna kisahani, na mtoto anajua kabisa kwamba akionja na asipopenda anatema pale, anafuta mdomo, hakuna atakayesema neno. Nataka mlizingatie hili la kutema, kwa sababu linaonekana ni utovu wa adabu mezani na mama mkwe mwanzoni lilimkera. Lakini fikirini: mtu anayejua akishaingiza kitu mdomoni lazima akimeze, ataogopa kukiingiza. Mpe mlango wa kutokea, ataingia. Wiki ya kwanza mwanangu alitema kila kitu. Embe alilitema mara sita. Mara ya saba alilimeza, akanyamaza, akachukua kipande cha pili mwenyewe. Mimi nikageukia sufuria ili asinione machozi.

Mume na mama mkwe nitawaeleza chini. Karibuni.

Baba Pacha

Mama Kokwa, nakuheshimu, ila mimi naona tunawadekeza. Sisi tulikula tulichopewa, na usipokula unalala hivyohivyo. Mtoto akipata njaa atakula hata mti. Nina pacha wa miaka minne, nimewawekea sheria kwamba hakuna kuinuka mezani mpaka tunda liishe. Nusu saa, saa nzima, nasubiri.

Mama Kokwa

Kaka Baba Pacha, asante kwa kusema waziwazi, wengi wanafikiri hivyo na hata mimi nilifikiri hivyo. Nikuulize kwa nia njema: hao pacha wakiwekewa lile tunda siku ambayo haupo, wanalichukua wenyewe?

Mwaka 2006 kundi la kina Birch lilifanya jaribio la supu kwa watoto wadogo. Supu moja waliiletewa bila maneno, nyingine waliambiwa waimalize. Ile waliyohimizwa kumaliza waliila kidogo zaidi, na ndiyo waliyoilalamikia zaidi. Msukumo ulileta kinyume cha ulichokusudiwa. Mtu akikaa saa nzima mbele ya tunda huku moyo unamdunda, anachojifunza ni kwamba tunda lile lina shari.

Kuna mtaalamu wa lishe, Ellyn Satter, aliyegawa kazi mezani kwa namna ninayoipenda. Mzazi anaamua kitaliwa nini, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua kama atakula, na kiasi gani. Hapo hujamdekeza. Hujampikia chakula chake peke yake, hujamletea biskuti badala ya tunda. Umeshikilia kazi yako ukamwachia yake. Jaribu wiki tatu, kaka yangu, kisha rudi utuambie.

Nyota ya Jioni

Mimi nina swali kuhusu zawadi. Binti yangu ana miaka sita, nikimwambia "kula papai upate peremende" anakula fasta. Kuna ubaya?

Mama Kokwa

Dada Nyota, anachokula fasta hapo ni peremende. Papai limekuwa kazi, na kazi hailipwi ila ni mbaya, ndivyo mtoto anavyoelewa. Mwaka 1984 Birch aliwahi kuonyesha kwamba watoto waliopewa tuzo ili wanywe kinywaji fulani walipungukiwa na hamu ya kinywaji chenyewe.

Lakini sitaki kukudanganya kwamba kila zawadi ni mbaya. Mwaka 2011 watafiti wa London, akiwemo Lucy Cooke, waliwapa watoto stika kwa kuonja tu kipande kidogo cha mboga ambayo hawakuipenda, siku baada ya siku, na watoto wakaipenda zaidi, na walizidi kuipenda hata stika zilipoisha. Tofauti naiona hivi: stika si chakula, haishindani na tunda mdomoni, na inatolewa kwa ujasiri wa kuonja. Haitolewi kwa kumaliza sahani. Sisi tulichora tunda kila siku alipoonja, tukalibandika ukutani. Sasa kuna matunda kumi na moja pale, na mengine ameyachorea uso wenye huzuni, maana aliyatema. Nayo tumeyaacha, kuyaonja ni kuyaonja.

Mpenda Maembe

Dada, mtoto sawa. Tuambie ya mume! Wangu ni wa miaka 41, tunda la rangi asiyoijua haligusi.

Mama Kokwa

Haya, mume. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Siku moja nilimwomba asinijibu "silipendi", anieleze tunda lilipokuwa mdomoni lilifanya nini. Akafikiri, akasema: papai linayeyuka kabla hajalitafuna, pasheni ina mbegu ndani ya ute, zote mbili zinamletea kichefuchefu. Ladha hakuitaja hata mara moja! Miaka yote nilikuwa namwambia "lakini ni tamu", na yeye hakuwahi kubishia utamu. Kilichomshinda ni utelezi.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta matunda magumu yanayolia chini ya jino, kama tofaa alilolizoea. Peasi lisiloiva sana. Pera gumu lililotolewa mbegu. Embe nikalimpa likiwa limekaza bado, nimelikata vijiti. Pasheni niliichuja, mbegu zikabaki kwenye chujio, maji yake nikamwagia juu ya vipande vya ndizi. Alikula. Hakuambiwa "unaona?" Nawasihi sana msiseme "unaona?" Mtu mzima akishindwa mbele ya watu anarudi nyuma kulinda heshima yake.

Halafu kuna uivu. Nadhani nusu ya chuki za matunda duniani zinatokana na tunda lililoliwa siku isiyo yake. Mume wangu aliwahi kula persimoni, lile tunda geni la rangi ya chungwa, akiwa kijana, ile aina iliyochongoka chini, ikiwa bado ngumu. Aliyewahi kuingia kwenye ule ukakasi anaujua: ulimi unakuwa kama umefunikwa na kitambaa, mate yanakauka. Ule ni tanini, inashikana na protini za mate na kuondoa ulaini wake. Aina hiyo huliwa ikiwa imelegea kabisa. Ipo nyingine, bapa kama nyanya, ambayo unaweza kuila ingali imekaza na haina ukakasi. Yeye alikutana na ile ya kwanza katika siku mbaya, akalifungia tunda zima kwa miaka zaidi ya ishirini. Nilipomletea ile bapa nilimweleza kwanza kilichompata zamani. Nikaonja mimi mbele yake, akaonja.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtu, lichunguze tunda. Embe, papai, parachichi, pera, kiwi na persimoni huendelea kuiva baada ya kuchumwa, hizi unaweza kuzivundika: ziweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, ile gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi itaziharakisha. Nanasi, chungwa, zabibu na komamanga haziongezi utamu baada ya kuchumwa. Ukizinunua chachu zitabaki chachu, hata uzivundike mwezi. Kumwonjesha mtu mwoga nanasi chachu kwa mara ya kwanza ni kumfungia mlango.

Muuguzi Mstaafu

Habari zenu wanangu. Nimesoma yote, nimefurahi, ila niongeze upande wa usalama maana naona hamjaugusa.

Kwa mtoto chini ya miaka mitano, zabibu nzima msimpe. Inakaa sawasawa na njia yake ya hewa. Kata kwa urefu, vipande vinne, na mtoto ale ameketi, asikimbie akitafuna.

Tunda jipya mpe kidogo, moja kwa wakati, ili likimdhuru ujue ni lipi. Kuwashwa midomo na koo baada ya kula kiwi au fyulisi kunaweza kuwa mzio, na huyo mtoto anayesema "linaniwasha" msimwite mchaguzi. Mtu mwenye mzio wa mpira, kama glavu za hospitali, anaweza pia kudhurika na ndizi, parachichi au kiwi. Akivimba uso au akipata shida ya kupumua, ni hospitali mara moja.

Kwa wazee: karambola, lile tunda ambalo ukilikata linakuwa kama nyota, ni sumu kwa mwenye figo zilizochoka. Linaweza kumletea kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa, degedege hata kifo. Asilionje kabisa. Na balungi linagombana na baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi za kushusha lehemu na za presha, linafanya dawa izidi mwilini. Mzee anayemeza dawa kila siku aulize kwanza kwa daktari au mfamasia.

Mama Kokwa

Mama, shikamoo. Asante sana, hili la figo sikulijua, na nashukuru umelisema kabla sijalileta nyumbani.

Kitinda Mimba

Marahaba za Mama Muuguzi zisubiri kidogo, na mimi namwamkia, shikamoo mama. Mleta mada, mimi nalea baba yangu, ana miaka 74. Zamani alipenda matunda, sasa anasema yote hayana ladha. Ulisema mama mkwe alikuwa na sababu aliyoificha. Ilikuwa nini?

Mama Kokwa

Mdogo wangu, ilikuwa meno. Ana meno ya bandia. Mbegu ndogo zikiingia chini yake zinamchoma, na kung'ata tofaa kunayalegeza. Hakutaka kusema mbele ya mwanawe. Aliniambia tukiwa wawili jikoni, sauti ya chini, nami nikajilaumu kwa kila mara niliyomsogezea pasheni na komamanga nikidhani namjali.

Tangu siku ile tunda lake nalikata nyembamba kabla halijafika mezani, na ya wote nayakata vivyo hivyo ili asijione ametengwa. Papai, embe laini, parachichi, ndizi, kiwi iliyolegea. Papai ndilo mume wangu asiloweza na ndilo mama yake analolipenda kuliko yote, tazama basi.

Kuhusu ladha kupotea, baba yako huenda anasema kweli tupu. Pua hudhoofika na umri, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Usimpe tunda likitoka kwenye friji, baridi huficha harufu. Liache nje lipate joto la chumba, likate mbele yake anuse. Chagua lenye harufu kali na uchachu kidogo. Na kama ladha imepotea kwa ghafla, au anapungua uzito, mpeleke akaangaliwe. Dawa na maradhi huweza kuondoa ladha.

Kilichomfungua mama mkwe zaidi ni kazi. Nilimwomba awe yeye wa kuamua tunda limefika au bado. Analibonyeza, analinusa karibu na kikonyo, anasema "kesho". Kesho yake analionja yeye wa kwanza, ndipo anampa mjukuu. Mtoto akimwona bibi anaonja na uso wake umetulia, anasogea. Kinyume chake pia ni kweli, mtu mzima mmoja akikunja uso mezani mtoto ameshaelewa.

Nyota ya Jioni

Je, kuficha kwenye juisi ya kusaga? Haoni, anakunywa, basi.

Mama Kokwa

Kusaga sina tatizo nako, tatizo ni kuficha. Siku akigundua, hata kile alichokuwa anakipenda atakishuku. Saga mbele yake, aweke mwenyewe vipande, ajue ni nini kinaingia. Na isiwe ndiyo njia pekee, maana Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari ya juisi pamoja na sukari zile za kupunguza, wakati ya tunda zima haihesabu hivyo. Halafu mtoto wa juisi hajazoea tunda, amezoea glasi.

Mzazi Mpole

Nimesita kuandika. Mwanangu ana usonji, ana miaka minane. Anakula vyakula saba. Nilijaribu kutema, kuchora, bibi, vyote. Nikiweka tunda geni kwenye sahani yake anaacha na vile saba. Nasoma hapa najiona nimeshindwa.

Mama Kokwa

Hapana, mama, hujashindwa. Wa kwako hayupo kwenye lile kundi la "atazoea". Kuna hali ambayo madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza rasmi kwenye mwongozo wao mwaka 2013, ambapo mtu anakwepa vyakula kwa kiwango kinachomdhuru, na huwapata mara nyingi zaidi watoto wenye usonji. Vyakula vikizidi kupungua, uzito ukishuka au ukuaji ukisimama, hiyo ni kazi ya daktari na mtaalamu wa lishe, ushauri wa mezani kwetu hautoshi.

Ninachojua kinachosaidia ni kupita karibukaribu na kile anachokula tayari. Katika vile saba kuna tunda?

Mzazi Mpole

Ndizi. Lakini iwe ya njano tupu, bila doa, na mimi nisiimenye.

Mama Kokwa

Basi una pa kuanzia. Ndizi ileile, mabadiliko madogo mno: siku moja imekatwa ncha, siku nyingi baadaye imekatwa vipande viwili, kisha vipande vikavu vya ndizi kwenye kisahani kingine mbali na sahani yake. Sahani yake usiiguse kabisa, iwe mahali pake salama. Akikigusa kwa kidole, umepata siku nzuri. Inaweza kuchukua miezi. Mimi nitakuwa hapa, uwe unatuandikia hata kama hakuna kilichobadilika.

Baba Pacha

Nimerudi baada ya wiki tatu kama nilivyoambiwa. Sheria ya kutoinuka nimeiondoa. Wiki ya kwanza hawakugusa kitu, nikajuta. Wiki ya pili mmoja alilamba. Jana huyohuyo ameonja nanasi, mwenzake akaona, naye akataka. Kisha wote wakasema ulimi unachoma na leo hawataki kuliona. Nimekosea wapi?

Mama Kokwa

Kaka, nimefurahi mno! Hujakosea. Nanasi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, kinakula protini, na pamoja na uchachu wake kinachubua ulimi kidogo. Waambie hivyohivyo, kwamba walichohisi ni cha kweli. Wakikuambia wamevimba au koo linawabana, acha kabisa umwone daktari. Kama ni ulimi tu, pumzika siku kadhaa, kisha vikaange vipande vyembamba kwenye kikaango kikavu mpaka vipate rangi. Moto huua kile kimeng'enya na utamu unazidi. Wape kimoja kimoja, kisahani cha kutemea kikiwa pembeni, nawe anza kula cha kwako.